Staringi Hafi

Salamu kwenu mlioko Nunguni na vilima vyote vya Kilungu, mlioamka leo ukungu ukiwa umelala hadi kwenye matuta ya mashamba. Salamu kwa walioko Kee, Kilala na Wote, salamu kwa ndugu zetu wa Kitui na Mwingi. Na wewe dereva unayepandisha barabara ya kutoka Salama redio ikiwa juu, nakusalimu pia, ila macho yabaki barabarani. Aliye karibu na chupa ya chai na amimine, maana leo tuna mazungumzo ya kustarehe.

Leo sina bei za maparachichi, wala sina siasa. Leo nataka tuzungumze kuhusu sinema, na hasa zile za mashujaa wenye nguvu za ajabu. Tena sizungumzii hizi za siku hizi ambazo shujaa amenuna tangu mwanzo hadi mwisho. Nazungumzia zile za mtindo wa zamani, za mashujaa wachangamfu, wanaookoa watu huku wanatabasamu. Swali langu ni hili: kwa nini tunazipenda? Mtu mzima, mwenye shamba, watoto na mkopo wa SACCO, anawezaje kukaa saa mbili akimtazama mwanamume aliyevaa chupi juu ya suruali, halafu akatoka pale uso umemchangamka? Je, ni utoto tu, au kuna jambo?

Mimi nasema kuna jambo. Nifuateni polepole.

Tuanzie mahali tunapopajua, ukumbi wa video. Kila soko la milimani limewahi kuwa nao. Kuta za mabati, mabenchi ya mbao, televisheni juu ya kabati, na blanketi kuukuu dirishani ili mwanga usiingie. Nje kuna ubao ulioandikwa filamu za siku kwa chaki, na spika imeelekezwa barabarani ili anayepita na kikapu chake asikie ngumi zikilia. Ndani wamo vijana wa bodaboda, watoto waliotumwa sukari wakachelewa, na mzee mmoja ambaye atakwambia ameingia kukwepa mvua.

Sasa angalia jambo moja. Nusu ya watu wale wameshaiona filamu hiyo. Wanajua nani atapigwa, saa ngapi, na kwa kitu gani. Yupo hata mmoja wa benchi la mbele anayewatangulizia wenzake: ngojeni, ngojeni, sasa hivi anamrudia! Na hakuna anayekasirika. Kwa nini hakasiriki mtu? Kwa sababu wote wanaijua sheria ya kwanza ya ukumbi wa video, ambayo hakuna aliyetufundisha darasani: staringi hafi. Atapigwa, atafungwa kamba, atatupwa mtoni, lakini hafi.

Wasomi wa filamu huiona hiyo kuwa kasoro. Husema hadithi ambayo mwisho wake unajulikana haina mvuto. Mimi siafikiani nao hata kidogo. Kama hofu ya kifo imeondolewa mezani, mtazamaji anapata nafasi ya kufurahia namna. Atatokaje? Atamchezea adui vipi? Atasema neno gani la kuchekesha kabla ya kuruka dirishani? Ndiyo hoja yangu ya kwanza leo, na nitairudia ili aliyekuwa anamfungia ng'ombe asipitwe: kujua mwisho hakuharibu hadithi, kunatuachia nafasi ya kucheka njiani.

Na jambo hili halikuja Ukambani na umeme. Mnakumbuka hadithi za kina susu, bibi zetu, kando ya moto? Yule zimwi, eimu, anakuja kijijini anameza watu, anameza ng'ombe na mbuzi, anameza kila kitu. Halafu anatokea kijana mmoja aliyesalia, anapambana naye, na zimwi akikaribia kukata roho anasema: nikate kidole changu kidogo. Kidole kinakatwa. Wanatoka akina nani? Wanatoka watu wote waliomezwa, wazima, na mifugo yao nyuma. Hadithi za Wakamba za aina hii zilikusanywa vitabuni, na mmoja wa waliozikusanya ni mwana wa Kitui, Profesa John Mbiti, ambaye kitabu chake cha hadithi za Akamba kilitoka mwaka 1966.

Mtoto aliyeisikia hadithi hiyo mara kumi aliijua barabara. Na bado aliitaka mara ya kumi na moja. Alichokuwa anakisubiri ni kile kidole.

Shikeni kidole hicho, tutakirudia. Sasa twende Marekani.

Mwaka 1978 ilitoka filamu ya Superman, iliyoongozwa na Richard Donner, na kijana mmoja asiyejulikana sana wakati huo, Christopher Reeve, ndiye aliyekuwa staringi. Kuna mahali mwanahabari Lois Lane ananing'inia kwenye helikopta iliyokwama ukingoni mwa paa la jengo refu. Chini, Clark Kent, ambaye kwa siri ndiye Superman mwenyewe, anatoka nje na miwani yake na kofia yake, anaona hatari, anatafuta pa kubadilishia nguo. Watazamaji wa zamani walijua kwamba Superman hubadilisha nguo ndani ya kibanda cha simu. Anafika kwenye simu ya mtaani, na simu ile haina kibanda! Ni ya kisasa, imefunikwa juu tu, miguu yote iko nje. Clark anaitazama juu, anaitazama chini. Hasemi neno. Anakimbilia mlango wa kuzunguka. Ni sekunde chache tu hizo, na ukumbi mzima uko hoi kwa kicheko huku mwanamke bado ananing'inia angani.

Mmeona hapo? Kicheko na hatari vimekaa benchi moja. Kisha anaruka, anamdaka Lois kwa mkono mmoja na helikopta kwa mkono wa pili, anawaweka juu ya paa salama, na anazungumza naye kwa adabu. Usiku huohuo anamteremsha paka aliyekwama mtini, anamrudishia msichana mdogo. Paka! Mtu anayeweza kubeba helikopta ana nafasi ya paka.

Na msidhani kuchekesha huko kulikuwa ni kulegea kwa kazi. Mtazameni Reeve katika nyumba ya Lois, Lois akiwa chumba cha pili. Clark amesimama mabega yameanguka, sauti nyembamba. Anavua miwani. Mgongo unanyooka, kifua kinafunguka, kimo kinaongezeka mbele ya macho yetu, sauti inashuka. Karibu amwambie ukweli. Halafu anabadili nia, na mwili wote unarudi kusinyaa. Hakuna mashine iliyotumika hapo, ni mwigizaji anayejua kazi yake. Hoja ya pili basi: wepesi wa filamu hizi ni kazi nzito. Kumfanya mtu aamini huku anacheka ni kugumu kuliko kumtisha.

Sasa kile kidole. Mwishoni mwa filamu ile tetemeko linapasua ardhi, na ardhi inammeza Lois ndani ya gari lake. Anakufa. Superman anafika amechelewa. Anafanya nini? Anaruka nje ya dunia, anaizunguka kwa kasi hadi wakati unarudi nyuma, mawe yanapanda kilima yalikotoka, na Lois anapatikana mzima ndani ya gari, amekasirika kwa sababu gari limezima. Wataalamu wa fizikia wameicheka sehemu hiyo kwa miaka mingi. Lakini susu yeyote wa Kilungu angeielewa bila kufafanuliwa. Aliyemezwa ametoka.

Mkitaka mfano wa karibu zaidi na mioyo yetu Wakenya, chukueni filamu ya Kihindi ya mwaka 1987, Mr. India, iliyoongozwa na Shekhar Kapur. Wangapi waliiona kwa kanda za VHS? Ninajua mikono mingi imeinuliwa jikoni. Staringi ni Anil Kapoor, anaigiza Arun, mtu asiye na kitu anayelea watoto yatima katika nyumba ya kupanga. Kodi ni shida, chakula ni shida, mwenye duka anadai. Nguvu yake ya ajabu ni nini? Ni kikuku alichokitengeneza marehemu baba yake: akikivaa haonekani, isipokuwa chini ya mwanga mwekundu. Na adui ni Mogambo, aliyeigizwa na Amrish Puri, amekaa kisiwani kwake na mavazi ya kifalme akipanga kuiteka India nzima.

Kuna mahali majambazi wanamzingira mwanahabari mmoja, aliyeigizwa na Sridevi, na sanamu ndogo ya mungu Hanuman inaanza kuelea hewani na kuwatandika. Pa! huyu. Pa! yule. Wanaogopa, wanasali, wanaendelea kupigwa. Sisi tunajua ni Arun ameishika, wao hawajui. Watoto wetu waliokuwa hawaelewi neno la Kihindi walianguka chini kwa kicheko. Walielewa pia jambo jingine bila tafsiri: shujaa huyu anapigania watoto wale wapate kula. Ni shujaa anayedaiwa dukani. Mtu wa Nunguni anamjua mtu huyo.

Wazee wangu nao, nisiwasahau. Ninyi mlikuwa na Spear. Lance Spearman, yule mpelelezi wa gazeti la picha la African Film, miaka ya 1960 na mwanzo wa 1970. Kofia ya panama, tai ya kipepeo, sigara kubwa mdomoni, na kijana wake Lemmy pembeni. Hakuweza kuruka angani, lakini alikuwa Mwafrika aliyevaa vizuri na asiyeshindwa, na kwa msomaji wa wakati ule hizo zilikuwa nguvu za ajabu za kutosha. Nakala moja ilisomwa na darasa zima mpaka jalada likatoka.

Nimesema ya zamani. Je, yote ya zamani yalikuwa mema? Hapana, na hapa lazima niseme wazi. Chukueni Phantom, shujaa wa vibonzo aliyebuniwa na Lee Falk mwaka 1936, yule mwenye nguo za zambarau na pete ya fuvu. Mzungu mmoja, baba hadi mwana, amekaa pangoni analinda msitu mzima wa watu weusi ambao inaonekana hawawezi kujilinda. Au Tarzan kabla yake. Uchangamfu ulikuwepo, visa vya kusisimua vilikuwepo, lakini sisi tulikuwa miti ya nyuma. Tulisoma, tukafurahia, na ndani yake tulikuwa tunameza pia mambo mengine. Kwa hiyo anayesema turudi tu kwenye hadithi za zamani aambiwe achague. Tabasamu la shujaa tulichukue. Dharau tuiache.

Baadaye mtindo ulibadilika. Mwaka 2008 ilikuja The Dark Knight, Batman wa usiku na majonzi. Filamu nzuri sana, siikatai. Shida ni wale waliofuata wakidhani uzuri wake ulitokana na giza. Mwaka 2013 tukaletewa Man of Steel, Superman yuleyule, lakini sasa majengo yanaanguka kama mahindi yaliyopitiwa na upepo, na mwisho shujaa anamvunja adui shingo kwa mikono yake. Unatoka pale umechoka. Unajiuliza, watu waliokuwa ndani ya majengo yale wako wapi? Nani alikata kidole wakatoka?

Kuna kijana aliyewahi kubishana nami kuhusu hili. Alisema: mzee, maisha ni magumu, filamu za kuchekacheka ni za watoto, sisi tunataka ukweli. Ni hoja ya haki. Lakini nikamwuliza, na ninawauliza ninyi: mtu aliyekosa mvua ya misimu miwili kule chini Makueni, anahitaji sinema imfundishe kwamba dunia ina giza? Giza analo nyumbani, bila tiketi. Mara nyingi wanaotaka huzuni kwenye sinema ni wale ambao huzuni kwao ni mgeni. Aliyeizoea anataka kumwona mtu mwenye nguvu anayezitumia kwa furaha kwa ajili ya mnyonge. Hiyo ndiyo hoja yangu kubwa ya leo, naomba muishike: kinachotuvuta si nguvu za shujaa. Nguvu hata adui anazo, na mara nyingi zaidi. Kinachotuvuta ni kwamba mwenye nguvu amekuwa mwema, na wema haumuumizi, unamfurahisha.

Inaonekana hata Hollywood wamelisikia hilo. Mwaka 2025 James Gunn alitoa Superman mpya, na katikati ya mapambano na dude kubwa linalovunja mji, Superman anasimama kumwokoa kindi. Mwaka huohuo Fantastic Four walirudishwa katika dunia yenye sura ya miaka ya 1960, na dunia nzima inapotakiwa itoe mtoto mmoja mchanga ili iokoke, wanakataa. Paka, kindi, mtoto mchanga. Mnaona mstari ule?

Sasa turudi nyumbani, maana Afrika Mashariki hatukungoja Hollywood. Sisi filamu yenye kununa tuliitibu zamani kwa dawa yetu: msimulizi. Tanzania walikuwa na Lufufu. Uganda wana mavijei wao. Na hapa Kenya tuna DJ Afro. Nani hajui sauti yake? Filamu inaingia Kiingereza au Kichina, inatoka Kiswahili cha mtaani. Jambazi wa kutisha anapewa jina la kijijini, mpiganaji wa Thailand anagombania deni la sukuma wiki, na ghafla ile damu yote inakuwa mchezo. Sina uhakika watengenezaji wa filamu zile wangefurahi. Mimi nimefurahi kwa niaba yao.

Na pale Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana na wenzake walitoa Who Killed Captain Alex? mwaka 2010, kwa bajeti ambayo husemwa haikufika dola 200 za Marekani. Bunduki za vyuma chakavu, helikopta ya kompyuta, na sauti ya VJ Emmie ikimshangilia kila mtu, hata anayepigwa. Leo inatazamwa pande zote za dunia. Watu hawaitazami kwa huruma. Wanaitazama kwa sababu kila aliyemo ndani yake anaonekana anafurahia kuwemo.

Lakini filamu niliyotaka kuwafikisha ni yetu wenyewe, Supa Modo, ya mwaka 2018, iliyoongozwa na Likarion Wainaina. Ilionyeshwa kwenye tamasha la Berlin, na Kenya ikaipeleka Oscar kushindania tuzo ya filamu za lugha za kigeni. Jo ni msichana mdogo, ameigizwa na Stycie Waweru. Anapenda filamu za mashujaa kupita kiasi. Na Jo anaumwa ugonjwa usioponyeka. Mama yake amemtoa hospitalini amlete nyumbani kijijini.

Ninyi mmeshaona ugumu ulipo. Sheria ya ukumbi wa video inasema nini? Staringi hafi. Na staringi wetu huyu ana siku chache.

Dada yake, Mwix, hakubali kukaa akisubiri. Anawapanga wanakijiji wajifanye kwamba Jo ana nguvu za ajabu kweli. Watu wazima, wenye kazi zao, wanakubali kucheza. Mama mwanzoni hataki, kwa sababu anaona mtoto anadanganywa, na mama ana haki yake pale. Baadaye kijiji kizima kinaingia kutengeneza filamu ambayo Jo ndiye shujaa wake. Nguo ya shujaa inashonwa, maadui wanapatikana miongoni mwa majirani, na yule kijana anayeonyesha na kusimulia filamu kijijini anakuwa mtu wa maana kuliko chifu.

Sitawaambia kila kitu. Nitasema tu kwamba filamu haidanganyi kuhusu ugonjwa, na bado inachekesha, na Jo anaruka. Hapo ndipo wepesi unapoonyesha kazi yake. Kijiji kile hakikuwa na tiba. Kilikuwa na mavazi, kamera na muda wa kucheza na mtoto, na kikavitoa vyote. Kwangu mimi ni filamu bora ya shujaa iliyowahi kutengenezwa Kenya, na sina haraka ya kusikia nyingine ikitajwa.

Wasikilizaji wapenzi, muda unaniishia, fundi mitambo ananinyooshea kidole dirishani. Nina ombi moja. Likizo ya Agosti inakuja, baridi ya Nunguni mnaijua, watoto watakuwa ndani na simu. Makanisa mengi na shule nyingi hapa zina projekta inayotolewa wakati wa harusi na mikutano tu. Itoeni jioni moja. Tafuteni Supa Modo kwa njia halali, tundikeni shuka ukutani, waiteni watoto, na ninyi wazazi mkae humohumo, msiwaache peke yao mkaenda kupiga soga nje. Leso mje nayo. Halafu mniandikie hapa kituoni mnieleze watoto walicheka wapi.

Ni mimi mtumishi wenu. Tukutane wiki ijayo, saa kama hizi, na wiki ijayo tutazungumzia maparachichi kweli.